UZI: George Masa, mpiga picha aliyepima vijia vya mlimani kwa gurudumu la baiskeli, na kazi inayotungoja sisi wa Goma

Kamera ya Kivu (Goma)

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Kila mwenye simu mjini Goma ana picha ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno. Ya asubuhi mvua ikiisha kukatika, ya usiku wingu likiwa jekundu, ya harusi bwana na bibi wakiwa mbele na mlima nyuma yao. Mimi ni mpiga picha, nakula kwa harusi, ubatizo na sherehe za wanafunzi, na nikipata nafasi nachukua kamera nazunguka vilimani. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja, kwa sababu tangu nimfahamu siangalii tena kazi yetu kwa jicho lile lile. Tunaupiga mlima picha kila siku, lakini vijia vyake, umbali wake, majina ya vilima vidogo vinavyouzunguka, viko vichwani mwa wazee na wapagazi tu. Wakiondoka, vimeondoka.

Mtu huyo anaitwa George Masa. Alizaliwa Japani katika miaka ya 1880 na kuingia Marekani akiwa kijana. Hata jina lake la kuzaliwa limewasumbua watafiti: kwa miaka mingi iliandikwa kwamba alikuwa Masahara Iizuka, siku hizi waliochimba zaidi wanasema Shoji Endo. Mwaka 1915 alifika Asheville, mji wa milimani kule North Carolina, akapata kazi kwenye hoteli kubwa ya Grove Park Inn. Alianza na kufua nguo, akaendelea na kuhudumia wageni, na pembeni akawa anawapiga na kuwasafishia picha. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1920 alikuwa na studio yake mwenyewe, Plateau Studio.

Alikuwa mfupi na mwembamba sana. Sasa mfikirie mtu wa umbo hilo akipanda msituni na kamera kubwa ya negativu za inchi 8 kwa 10, pamoja na miguu ya kamera na vibao vya filamu. Akifika juu hakuwa na haraka. Alikaa saa nyingi akisubiri wingu likae pale anapotaka. Sisi tunapiga picha mia mbili ndani ya dakika kumi halafu tunatafuta iliyo nzuri; yeye filamu moja ilikuwa pesa, na kukosea kulimaanisha kurudi tena mlimani.

Milima aliyoipenda ni Great Smoky, mpakani mwa North Carolina na Tennessee. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa mali ya makampuni ya mbao, na yalikuwa yanakata kwelikweli. Rafiki yake mkubwa, Horace Kephart, aliyekuwa mkutubi kisha akahamia milimani, alikuwa mwandishi. Kephart akaandika, Masa akapiga picha, na kazi zao zikaenda magazetini, kwenye vipeperushi na mikononi mwa wakubwa, ili milima ile iwe parke ya taifa. Sheria ikapita mwaka 1926, lakini ardhi ilibidi inunuliwe. Majimbo yale mawili yakatoa fedha, watoto wa shule wakachanga senti zao, na mwaka 1928 John D. Rockefeller Mdogo akatoa dola milioni 5. Parke ikaanzishwa mwaka 1934.

Masa hakuiona. Alikufa Juni 1933 akiwa hana kitu, kifua kikuu kimemmaliza, na pesa zake zilikuwa zimepotea katika anguko la uchumi la 1929. Wenzake wa chama cha watembeaji ndio waliomzika.

Nitaendelea na habari ya lile gurudumu. Ndiyo sababu hasa ya uzi huu.

Mwana wa Himbi (Goma)

Endelea mkubwa, tuko hapa.

Kamera ya Kivu (Goma)

Sehemu ya pili.

Masa alichukua gurudumu la mbele la baiskeli, akaliacha kwenye uma wake na mikono yake, akafunga kifaa cha kuhesabu umbali. Akawa analisukuma kwenye vijia vya mlimani kama mtoto anayesukuma ringi. Kila njia panda aliandika. Kila chemchemi aliandika. Kutoka kilele hiki mpaka mwamba ule ni maili ngapi, mahali gani kijia kinapotea kwenye vichaka, wenyeji wanapaitaje. Ramani za wakati ule zilikuwa na makosa mengi, kilele kimoja kikiwa na majina mawili na vilele viwili vikiwa na jina moja. Yeye na Kephart waliingia katika kamati ya jimbo iliyoshughulikia majina hayo, na wakaanza kuyanyoosha.

Wakati huo huo kulikuwa na mradi mkubwa wa njia ya miguu, Appalachian Trail. Wazo lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, na njia ikakamilika mwaka 1937: zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Kipande kinachopita Smoky kilihitaji mtu anayejua hasa mgongo wa mlima unaendaje. Mtu huyo alikuwa Masa na gurudumu lake, kwa kujitolea, huku studio ikiwa inayumba.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Picha zake zilimfanya mtu aliyeko mbali aipende milima ile. Vipimo vyake vilimwezesha mtu huyo kuja na kutembea bila kupotea. Wengi wetu tumefanya nusu ya kwanza na tumeifanya vizuri sana. Picha za Kivu zimezunguka dunia. Ya pili hatujaianza.

Mwana wa Himbi (Goma)

Mkubwa umenigusa, lakini sema ukweli. Hapa Goma ukionekana na kamera unaulizwa nani amekutuma. Sasa ukionekana unasukuma gurudumu na kuandika namba kwenye daftari? Utaitwa mpelelezi kabla hujafika kona ya pili. Na hali ya mji tangu M23 waushike Januari 2025 mnaijua wote.

Kamera ya Kivu (Goma)

Ndugu yangu, hilo ni la kweli na silipuuzi. Mimi mwenyewe nimesimamishwa, nikaambiwa nifungue simu, picha za familia yangu zikapekuliwa mbele za watu. Inauma.

Ila ujue kwamba Masa naye yalimpata. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Mjapani anayezunguka milimani na kamera alitiliwa shaka, na wapelelezi wa serikali wakamchunguza. Hawakumkuta na hatia. Tena hiyo ilikuwa nchi ambayo sheria zake wakati ule hazikumruhusu Mjapani mhamiaji kupata uraia. Alipenda milima ya watu ambao karatasi zao zilimwita mgeni mpaka anakufa.

Kwa hiyo siwaambii mtu aende kwenye sehemu za hatari. Mlimani kwenyewe hakupandiki kwa sasa, na karibu na vituo vya askari, uwanja wa ndege au mpakani kamera haitoki kwenye mfuko. Nazungumzia vijia vya kila siku ambavyo tayari watu wanapita wakienda kuchota maji, sokoni na kanisani. Unakwenda mchana, unakwenda na mtu wa mtaa huo, mkuu wa mtaa anajua unafanya nini, na daftari lako liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma.

Mtoto wa Kibati

Aksanti kwa uzi huu. Mimi sijui Kiingereza wala kamera, lakini nimebeba mizigo ya wageni Nyiragongo, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Safari inaanza Kibati, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mdomo wa mlima uko mita 3,470. Ni kama kilomita 8 tu. Mgeni akisikia kilomita 8 anacheka, halafu baada ya saa mbili hacheki tena. Mwanzo ni msitu, udongo na utelezi. Kisha unatoka kwenye mawe ya lava ya 2002, na hapo mguu hautulii: mawe ni mepesi, yana matundu, yanavingirika chini ya kiatu na yanakata kama chupa. Mnapita kando ya Shaheru, kreta ya zamani upande wa kusini. Kipande cha mwisho ni kuinama mbele na kushika fimbo. Juu ni baridi ya kung'oa meno, na makala ya kupikia na kuotea moto tumeyabeba sisi mgongoni kutoka chini.

Mgeni anapumzika mahali panapoonyeshwa na magaridi, walinzi wa parke. Sisi wapagazi tuna mahali petu zaidi ya hapo: jiwe la kuegemeza mzigo bila kuushusha, pango dogo la kujificha mvua, sehemu ambayo ukungu ukishuka unageuka kushoto usiende moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kutuuliza habari hizo. Wageni wametupiga picha nyingi sana, sisi na mizigo yetu. Lakini kuuliza, hapana.

Kamera ya Kivu (Goma)

Mtoto wa Kibati, nimesoma maneno yako mara nyingi. Hicho ulichoandika ndicho ninachokitafuta. Naomba usiache kuandika, hata kwa sauti ya simu, tutakuandikia sisi, na jina lako litakaa juu ya kila kitu ulichosema kama utapenda.

Nasisitiza suala la jina kwa sababu ya yaliyompata Masa. Alipokufa hakuacha mtu wa kusimamia kazi yake. Negativu zake zilitawanyika, nyingi hazijulikani ziliko, na picha zake zilitumika miaka mingi bila jina lake. Na sisi huku tuna hasara ya namna yetu: mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani, na nyumba ngapi ziliungua pamoja na albamu zao? Mei 2021 ilishuka tena, ikafika Buhene. Mpiga picha wa Goma asiweke kazi yake kwenye kompyuta moja ndani ya nyumba moja. Weka nakala kwa ndugu yako wa Bukavu, Kinshasa, popote.

Dada wa Nguba (Bukavu)

Kaka, nakusikiliza kwa heshima, lakini kuna jambo linapitwa haraka kwenye habari hizi za parke. Mlima unapotangazwa kuwa parke, kuna mtu anafukuzwa. Huku kwetu Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970, na Batwa waliokuwa wakiishi msituni wakatolewa bila kulipwa na bila pa kwenda. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Nimezunguka upande wa Tshivanga, ninawajua watu wanaokaa pembeni ya msitu wa babu zao na hawawezi kuingia kuchuma dawa. Mpiga picha anapoonyesha msitu mzuri usio na mtu ndani, watu wale wanafutwa mara ya pili. Je, huyo Masa aliwaonyesha wenyeji?

Kamera ya Kivu (Goma)

Yaya, swali lako ni zito na sitalizunguka.

Kule Smoky kulikuwa na Wacherokee, na wengi wao walifukuzwa kwa nguvu na serikali mwaka 1838, karibu miaka mia moja kabla ya parke. Halafu parke yenyewe ilipokuja, familia za wakulima zilizokuwa mabondeni, sehemu kama Cades Cove na Cataloochee, zikalazimika kuuza ardhi yao bila kupenda. Wengine waliruhusiwa kubaki kwa mkataba mpaka kufa. Picha za Masa zinazojulikana zaidi ni vilele, mawingu na maporomoko, na wewe una haki ya kuuliza watu wako wapi.

Upande wa majina ndipo ninapoona kuna la kujifunza. Kilele kirefu kuliko vyote kule, mita 2,025, kiliitwa Clingmans Dome kwa jina la mwanasiasa mmoja. Wacherokee walikuwa na jina lao, Kuwohi, na hawakuliacha. Septemba 2024 jina Kuwohi likarudishwa rasmi. Lingepotea kama hakuna aliyelihifadhi kwa mdomo na kwa maandishi.

Hivyo kwa Kahuzi mimi sioni mtu mwingine wa kuongoza kazi ya vijia isipokuwa hao hao unaowajua. Wao ndio wenye kujua mianzi inaanzia wapi, maji yako wapi, tembo walikuwa wakipita wapi. Wao watembee mbele, na wao waamue kipi kiandikwe na kipi kibaki siri yao. Wakikataa, basi haiandikwi.

Dada wa Nguba (Bukavu)

Hapo tumeelewana. Sehemu ya siri usiisahau. Kijia kinachoandikwa kinajulikana pia na jangili, na mkata miti wa makala.

Mtu wa Kilima cha Gécamines (Lubumbashi)

Sisi wa Lubumbashi mlima wetu ni ule mweusi wa taka za shaba, mjini kati! Lakini msitusahau, parke ya Kundelungu ipo, na maporomoko ya Lofoi ni zaidi ya mita 300 ya maji yanayoanguka moja kwa moja. Picha zake nzuri ni chache, na anayetaka kwenda anauliza huyu na yule, kila mmoja anamwambia barabara tofauti. Mkianza Goma nasi tutafuata.

Mwana wa Himbi (Goma)

Swali la pesa sasa. Kupanda Nyiragongo mgeni alikuwa analipa dola 300. Sisi wenyeji tutatembea lini kwenye milima yetu?

Kamera ya Kivu (Goma)

Great Smoky haina kiingilio mpaka leo. Tangu 2023 unalipia tu ukiegesha gari zaidi ya dakika 15. Inapokea watu zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, wengi kuliko parke yoyote ya taifa ya Marekani. Lakini tusifananishe bila kupima. Virunga, parke yenye Nyiragongo ndani yake, ni ya mwaka 1925, ya kwanza Afrika, inaitangulia Smoky kwa miaka tisa, na zaidi ya magaridi 200 wamekufa wakiilinda. Kuwaweka walinzi wale msituni kunagharimu. Kwa hiyo mimi silalamikii zile dola 300 za mgeni. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Goma anaweza kukua chini ya mlima huo bila kuukanyaga hata hatua moja, na atakapokuwa mkubwa akiambiwa msitu unakatwa, atauliza unamhusu nini. Mapenzi ya mlima yanaingilia miguuni. Ndiyo maana nataka tuanze na vijia vya bure, hapa hapa mjini na pembeni yake: Kilima cha Goma, njia za kandokando ya ziwa, na siku hali ikiruhusu, lile ziwa dogo la Lac Vert.

Mtoto wa Kibati

Ukienda Lac Vert na upande wa Bulengo, mazuku. Waambie watu.

Kamera ya Kivu (Goma)

Asante kaka, hilo lingekuja na nafurahi umelitaja wewe.

Kwa walio mbali: mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za mawe ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini, kwenye mashimo na mabonde madogo. Huioni. Hainusiki. Mbaya zaidi ni usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, na alfajiri ndiyo saa ambayo mpiga picha anatafuta mwanga! Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa salama wakati mtoto au mbuzi aliye pembeni yake anaanguka. Ukiona shimo lenye ndege au mjusi aliyekufa bila jeraha, usishuke kupiga picha, na mwenzako akianguka humo usimfuate mbio, maana wanaokufa mara nyingi ni wawili: aliyeanguka na aliyemfuata. Iko Bulengo, iko Mugunga, iko mpaka Himbi mjini. Wenyeji wa kila mtaa wanayajua mashimo yao. Ramani ya vijia vya Goma isiyoonyesha mazuku mimi sitaiwekea jina langu. Kama tutafanya jambo moja tu katika haya yote, iwe hilo.

Fundi wa Birere

Nasoma kimya muda mrefu. Mimi natengeneza baiskeli na chukudu, zile za mbao za kubebea mizigo. Hilo gurudumu si kazi ngumu. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na sentimita 7 hivi, inategemea tairi na upepo uliojaza. Ukifunga kipande cha kitambaa chekundu kwenye spoku unahesabu mizunguko: 483 ni karibu kilomita moja. Lakini kwenye mawe yetu litarukaruka na kudanganya. Punguza upepo kidogo, litashika. Na kabla ya kuanza lipime mahali unapopajua, mita 100 za kamba, halafu urekebishe hesabu.

Ila niulize, simu si inapima yenyewe?

Kamera ya Kivu (Goma)

Inapima, fundi, na tutaitumia pamoja na gurudumu. Simu inaisha moto, na kwa sasa simu inayorekodi njia inaweza kumletea mwenye nayo maswali kuliko gurudumu ambalo kila mtu analiona. Halafu kuna jambo nililoliona kwa macho: ukipita na simu hakuna anayekusemesha. Ukipita na kitu kinachozunguka, watoto wanakuja, mama mwenye ndizi anauliza, mzee anatoka uani na kukwambia hapo zamani palikuwa na kisima. Nusu ya habari tunazozitaka inapatikana hivyo.

Basi tufanye hivi. Fundi, nitengenezee moja yenye uma na mikono, niambie bei hapa hapa ili wote waone. Mwana wa Himbi, wewe zungumza na mkuu wa mtaa wenu na umpe nakala ya uzi huu asome mwenyewe. Tunaanza na kijia cha kutoka barabara kubwa ya Himbi kushuka ziwani, mchana, watu wanne au watano, na atangulie mtu anayejua mashimo ya mazuku. Mtoto wa Kibati, tunaomba uwe mmoja wetu, nauli ya motari ni juu yangu.

Mtoto wa Kibati

Nitakuja. Msitoke kabla jua halijapanda vizuri.

Fundi wa Birere

Uma ninao. Natafuta gurudumu zima, lenye spoku zote. Mwenye la zamani nyumbani alilete kwangu kabla sijanunua.